Bunduki Kuukuu za Mitutu Miwili kwa Ndege wa Nyikani: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Mezani kuna bunduki mbili. Ya kwanza ina jina linalojulikana dunia nzima, imenakshiwa maua na mbwa, na ubao wake unang'aa kama umepakwa mafuta asubuhi ileile. Ya pili haina nakshi, aliyeiuza mara ya kwanza hakuna anayemkumbuka, na rangi ya chuma imefifia pale mikono ilipoishika kwa miaka sabini. Mnunuzi wa mara ya kwanza huchukua yenye jina. Nami nilifanya hivyo. Nikabeba kilo tatu na nusu kutwa nzima nyuma ya mbwa, kwale wakaruka mara nne, na mara zote nne nikapiga hewa iliyokuwa chini yao, kwa sababu kitako kilikuwa kimeinama mno kwa shingo yangu. Mpaka jua linazama, jina lile halikuwa limeniletea hata unyoya.

Kwa hiyo orodha nitakayoipanga hapa ni ya mtu anayetaka bunduki ya kutembea nayo na kupiga nayo, si ya kuiweka kwenye kabati la kioo. Nazungumzia bunduki za marisawa zenye mitutu miwili, zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1970, kwa ajili ya ndege wa nchi kavu: kwale, tombo, kanga, fezanti na wenzao, wale wanaokurupuka ghafla kutoka kwenye majani na kukupa sekunde mbili tu za kufikiri. Bata wa majini ni habari nyingine, na bunduki yao ni nyingine pia.

Swali ninalouliza kila bunduki ni hili: je, baada ya saa sita za kutembea, bado itapanda begani haraka na kuelekea pale jicho linapotazama? Umaarufu wa kiwanda haujibu swali hilo. Hulijibu mitutu, uzito, na umbo la kitako.

Mitutu kwanza, jina baadaye

Fundi mzuri anaweza kuchonga kitako kipya, kutengeneza springi, kubadilisha pini ya kupigia. Mitutu ikishaharibika, gharama ya kuifufua mara nyingi hupita thamani ya bunduki yenyewe. Ndiyo maana ukaguzi unaanzia hapo, hata kabla hujauliza bei.

Itoe mitutu kwenye mwili, ielekeze kwenye dirisha lenye mwanga, utazame ndani. Utaona pete za vivuli zikifuatana. Pete zikikatika au kupinda mahali, pamebonyea au pamevimba. Palipobonyea fundi hupanyoosha. Palipovimba pananitia shaka, maana hapo chuma kimeshatanuka na hakirudi kilivyokuwa. Halafu tafuta vishimo vya kutu. Vikiwa karibu na mdomo wa mtutu, unaweza kuishi navyo. Vikiwa mbele tu ya chemba, yaani pale risasi inapokaa, ambako msukumo wa gesi ni mkubwa kuliko kwingine kote, irudishe bunduki mezani na umshukuru muuzaji kwa muda wake.

Usidanganywe na mng'ao wa ndani. Mtutu uliosuguliwa mara tatu kuondoa kutu hung'aa kama kioo, na kila msuguo umekula unene wake. Fundi mwenye kifaa cha kupimia ukuta wa mtutu ndiye pekee anayeweza kukuambia kilichobaki. Waingereza kwa kawaida hawapendi sehemu nyembamba zaidi ishuke chini ya milimita 0.5, na mimi sioni sababu ya kuwa jasiri kuliko wao.

Kipimo kingine hakihitaji kifaa. Tundika mitutu kwa kidole kwenye ndoano yake ya chini, ukiwa umeondoa kishikio cha mbele, na uigonge taratibu kwa mpini wa mbao. Ikiimba kama kengele, ni nzima. Ikilia kama debe, ule utepe wa chuma unaoifunga mitutu pamoja umeachia mahali fulani, na unyevu umeshaingia chini yake.

Sasa rudisha mitutu mwilini bila kishikio cha mbele, ifunge, shika kitako kwa nguvu na utikise. Usihisi mchezo wowote. Tazama kwenye mwanga pale mitutu inapokutana na ukuta wa mwili. Mwanga ukipenya, bawaba imelika. Kwenye bunduki nyingi, za Marekani hasa, wenzo wa kufungulia ulipotoka kiwandani ulikaa kulia kidogo ya mstari wa katikati, na unavyolika huenda ukisogea kushoto. Ukiukuta umeshauvuka mstari, hapo una hoja ya kushusha bei, au ya kuondoka.

Vichwa vya skrubu navyo husema mengi. Vikiwa vimetafunwa, kuna mtu asiyejua kazi aliwahi kuingia humo ndani. Siku hizi nikikuta skrubu zilizotafunwa kwenye chuma kilichopakwa rangi mpya inayometameta, naona kama nimeshaambiwa hadithi yote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Alama zilizo chini ya mitutu

Nchini Uingereza, kampuni ya wafua bunduki wa London ilipata hati yake mwaka 1637, na nyumba ya kupimia ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Kila mtutu ulipigwa kwa risasi yenye nguvu kupita kiasi, na uliosalimika ukagongwa muhuri. Liège nchini Ubelgiji hugonga herufi ELG. Eibar (Hispania), Saint-Étienne (Ufaransa), Suhl (Ujerumani) na Gardone Val Trompia (Italia) nazo zina mihuri yao. Marekani haikuwa na nyumba kama hizo zenye nguvu ya kisheria. Kila kiwanda kilijipima chenyewe. Hilo halizifanyi bunduki za Marekani kuwa dhaifu, ila linamaanisha kwamba hakuna shahidi wa nje aliyegonga muhuri, kwa hiyo fundi wako anakuwa shahidi.

Unachotafuta kwenye mihuri ni mambo mawili. Kwanza, kama mitutu ilipimwa kwa baruti isiyo na moshi, si baruti nyeusi tu. Pili, urefu wa chemba. Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Risasi nyingi za leo za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ndogo ni mtutu mpana) zina ganda la milimita 70, na urefu huo ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Bunduki nyingi za zamani za Ulaya zina chemba ya milimita 65. Risasi ndefu huingia bila shida kwa sababu mdomo wake bado umekunjwa. Ikilipuka, mdomo unafunguka ndani ya sehemu iliyobana, njia ya marisawa inakuwa nyembamba, na msukumo unapanda. Bunduki inaweza kuvumilia mara mia kabla haijakataa. Risasi za milimita 65 zinatengenezwa hadi leo na zinatosha kabisa kwa kwale, basi nunua hizo. Kuchonga chemba iwe ndefu kunapunguza chuma mahali kinapohitajika zaidi, na Uingereza bunduki iliyochongwa hivyo lazima irudi kupimwa upya kabla ya kuuzwa.

Ukiona neno SLEEVED limegongwa kwenye mitutu ya Uingereza, maana yake mitutu ya zamani ilikatwa karibu na chemba na mipya ikaingizwa. Wakusanyaji hukunja pua. Mimi hukunjua uso: mara nyingi ni bunduki nzuri yenye mitutu mipya, kwa bei nafuu kwa sababu tu ya neno moja.

Marisawa ya feleji usiyaweke kwenye mitutu hii mpaka fundi aseme ndiyo kwa kinywa chake. Ni magumu, na choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, za zamani zilizobana sana, zilizochongwa kwenye chuma laini, zinaweza kuvimba. Palipo na katazo la marisawa ya madini ya risasi, bismuthi ndiyo rafiki wa bunduki kuukuu. Ni laini, na uzito wake uko kati ya feleji na madini ya risasi.

Namba 1: boksiloki ya Birmingham isiyo na jina kubwa

Mwaka 1875, William Anson na John Deeley wa kampuni ya Westley Richards walipata hataza ya mtambo ambao nyundo zake zimefichwa ndani ya mwili, na kuifungua bunduki katikati ili uijaze ndiko kunakozikokota. Vipande ni vichache, vyote viko ndani ya kisanduku kimoja cha chuma. Boksiloki karibu zote zilizofuata, duniani kote, zinadaiwa na wale wawili.

Birmingham ikazitengeneza kwa maelfu, kisha maduka ya miji midogo ya Uingereza yakazinunua na kuchonga majina yao juu ya utepe. Ndiyo sababu unakuta bunduki yenye jina la duka lililokufa zamani, huku mwili wake umetoka kwenye karakana zilezile zilizowauzia wenye majina. Jina halina soko, kwa hiyo hulilipii. Unalipia kilo 2.9 za chuma na mbao za jozi vilivyosawazishwa na mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote.

Ndani ya kundi hili, Webley & Scott za mfululizo wa 700 ndizo ninazompendekezea asiye na fundi wa karibu. Zilitengenezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, zilizaliwa kwa baruti isiyo na moshi, na mafundi wanazijua. Chemba ziangalie moja moja, maana kuna za 65 na za 70. Ejekta, zinazorusha maganda nje zenyewe, ni starehe. Ukipata isiyo nazo kwa bei nafuu, ichukue. Mwindaji wa kwale hana haraka ya kujaza risasi ya tatu, na maganda yanayobaki mkononi hayahitaji kuokotwa majanini.

Namba 2: AYA ya Hispania

Mji wa Eibar, kwenye milima ya Basque, ulijifunza kazi kwa kuwaiga Waingereza, na Aguirre y Aranzabal, yaani AYA, ilifanya hivyo bila kuona haya. Modeli yao ya No. 4 ni boksiloki ya Anson na Deeley. Modeli ya No. 2 ni saidiloki, yaani mtambo wake umefungwa kwenye vibao viwili vya pembeni, kwa mtindo wa kampuni ya London ya Holland & Holland, na vibao hivyo hutoka kwa mkono bila bisibisi. Kwa anayetaka kuonja saidiloki bila kuuza shamba, njia ni hii.

Kwa nini si namba moja? Kwa sababu ubora hupanda na kushuka. Nimeshika AYA ambayo ningeweza kuzikwa nayo, na nyingine ambayo chuma chake cha ndani kilikuwa laini hata kifyatulio kikawa kinaachia chenyewe ukigonga kitako chini. Jaribu hilo dukani, bunduki ikiwa tupu: kokota, funga kifungo cha usalama, gonga kitako kwa kiganja, kisha fungua usalama na ugonge tena. Kusiwe na mlio.

Namba 3: Fox Sterlingworth

Nikiambiwa nichague bunduki moja ya Marekani, nachukua hii. A. H. Fox ya Philadelphia ilianza mwaka 1905, na Sterlingworth ndiyo ilikuwa daraja yake ya kawaida, isiyo na mapambo. Ndani yake nyundo na pini ya kupigia ni kipande kimoja cha chuma, kwa hiyo hakuna kingi cha kuvunjika. Kiwanda cha Savage kiliinunua kampuni hiyo mwaka 1929, na utengenezaji ukahamia Utica, jimbo la New York.

Theodore Roosevelt alikwenda Afrika Mashariki mwaka 1909 akiwa na Fox ya geji 12 aliyozawadiwa. Hiyo ilikuwa ya daraja la juu kabisa, lakini mtambo ni uleule.

Tahadhari mbili. Fox Model B si Fox. Ni bunduki nyingine, ya bei rahisi, iliyotengenezwa na Savage baadaye na kupewa jina. Na choki za Sterlingworth nyingi zimebana kupita mahitaji ya kwale, kwa sababu wanunuzi wa enzi hizo walitaka kupiga mbali. Tatizo la vitako vilivyoinama pia liko hapa, kama kwa Wamarekani karibu wote wa kabla ya vita: kisigino cha kitako kinashuka milimita 75 au zaidi chini ya mstari wa utepe, wakati wapigaji wengi wa leo huhitaji kama 60 hivi. Watu wa zamani walipiga wakiwa wamesimama wima, kichwa juu. Wewe ukilaza shavu, utaona mgongo wa bunduki badala ya ndege. Kitako kinaweza kupindwa kwa mafuta ya moto na fundi anayejua, na gharama hiyo uihesabu ndani ya bei.

Namba 4: Browning Superposed, geji 20

Wapo watakaoniuliza mitutu iliyopandana inafanya nini hapa. Nami nasema miwili ni miwili. John Browning alikuwa akiishughulikia kazi hii huko Liège alipofariki mwaka 1926. Mwanawe Val aliendelea nayo, na ikaingia sokoni mwaka 1931. Geji 12 ni nzito kwangu. Geji 20 ni nyepesi, chuma ni cha kisasa, chemba ni ndefu, na mtu aliyezoea bunduki za leo hahitaji kujifunza upya.

Ila uchunguze chumvi. Kuanzia 1966 hivi hadi mapema miaka ya 1970, baadhi ya mbao zilikaushwa kwa chumvi ili kazi iende haraka, na chumvi hiyo inakula chuma kutoka ndani. Tazama mpaka wa ubao na chuma: kutu ya kahawia inayotokea kama mstari ni dalili. Fungua kibao cha kisigino na uangalie skrubu zake. Zikiwa zimeoza huku nje kunang'aa, acha.

Namba 5: Parker, ikiwa mwenye nayo haijui thamani yake

Ndugu wa Parker walitengeneza bunduki huko Meriden, Connecticut. Kiwanda cha Remington kiliinunua kazi hiyo mwaka 1934, baadaye kikaihamishia Ilion, New York, na ikakoma 1942. Ni bunduki bora, sibishi. Kilichoishusha hapa ni wakusanyaji, wanaolipia kila ua lililochongwa. Tafuta Trojan au VH, daraja za chini, na utazame namba iliyogongwa kwenye ndoano ya mitutu, kwa maana Parker walitumia miili ya ukubwa tofauti. Geji 12 yenye namba ndogo ya mwili hutembea kama geji 16. Yenye namba kubwa ni gogo. Wauzaji wengi hawaitaji namba hiyo mpaka uwaulize.

Kuna pia Parker zilizoigizwa Japani katika miaka ya 1980. Si kuukuu, lakini zina umbo lile, na feleji ya kisasa. Kwa kazi ya shambani ningezichukua kabla ya halisi iliyochoka.

Zinazofuata, kwa haraka

Ithaca NID, iliyoanza 1926, ni imara na haijapandishwa bei na mashabiki. Mtangulizi wake, Flues, ni mwepesi na mzuri mkononi, lakini mwili wake unajulikana kwa kupasuka ukilishwa risasi nzito. Ukiutaka, ulishe kidogo.

Sauer na Merkel za Suhl katika geji 16 ni siri ambayo sipendi kuitoa. Wajerumani waliipenda geji hiyo, wakaipa mwili wake wenyewe badala ya kuichopeka kwenye mwili wa geji 12, na matokeo ni bunduki inayoruka begani. Za kabla ya vita nyingi zina chemba ya milimita 65, na kwenye mitutu mara nyingi utakuta mwezi na mwaka wa kupimwa umegongwa kwa tarakimu. Risasi za geji 16 hazipatikani kila kona. Hilo pekee ndilo lililoinyima nafasi ya juu.

L. C. Smith ni saidiloki ya Marekani, nzuri kwa macho, na wenzo wake wa kufungia unajikaza wenyewe kadiri unavyolika. Ubao ndio ugonjwa wake. Nyuma ya vibao vya mtambo, pale mbao zilipochongwa zikawa nyembamba, hupasuka. Chukua kioo cha kukuzia, kagua pande zote mbili, na usikubali kuambiwa ni mkwaruzo. Kando kidogo: Lyman Cornelius Smith mwenyewe aliachana na bunduki akaenda kutengeneza mashine za kuchapia, na huko ndiko jina lake lilikokaa zaidi.

Darne ya Saint-Étienne haifunguki katikati. Mitutu imetulia, na kitasa cha nyuma ndicho kinachoteleza kurudi. Mara ya kwanza utaona kichekesho, mara ya kumi utaona ni nyepesi kuliko zote ulizobeba. Fundi anayeijua kwanza mtafute, halafu ndipo ununue. Robust ya Manufrance, kutoka mji huohuo, haina ujanja wowote. Baadhi yake zina mkanda wa kubebea unaojikunja ndani ya kitako, ubunifu ambao sijui kwa nini wengine hawakuuiga.

Mwenye mfuko mwembamba aangalie IZh-58 ya Izhevsk, Urusi, au Stevens 311 ya Marekani. Zote zina vifyatulio vizito na sura ya zana ya shamba, na zote zitadumu kuliko wewe. IZh-58 ya geji 16 au 20 ndiyo ningeichagua, kwa sababu 311 ya geji 12 inakaribia kilo tatu na nusu, na kilo hizo nimeshazibeba.

Nilizoziacha nje

Purdey, Boss na Holland & Holland za London, zile za anasa, sikuzipanga. Ukirithi, hongera. Ukinunua, unanunua saa ya dhahabu, na utaogopa kuipitisha kwenye miiba. Winchester 21, iliyotoka 1931, ilijengwa kwa nguvu hata kiwanda kikajigamba kwamba ilipigwa risasi 2,000 za majaribio bila kulegea. Naamini. Lakini nguvu hiyo ina uzito, na bei yake imeenda na wakusanyaji.

Kundi ninalokuomba uliruke kabisa ni bunduki za nyundo za nje zenye mitutu ya Damaski, ya vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa pamoja na kufuliwa kuwa bomba, zilizotoka Ubelgiji kwa ajili ya maduka ya bei chee. Zilipewa majina yanayofanana na ya wakubwa: W. Richards, kwa mfano, jina lililowafanya wengi wadhani wameshika Westley Richards. Geuza mitutu, ukiona ELG pale ulipotarajia muhuri wa Birmingham, umeshajua. Damaski ya Uingereza iliyopimwa kwa baruti isiyo na moshi ni jambo jingine, na wapo wanaoipiga kwa amani. Ng'ombe hazeeki maini. Lakini hiyo ni bunduki ya tatu au ya nne ya mtu, si ya kwanza.

Geji na uzito

Kuna kanuni ya zamani inayosema bunduki iwe na uzito mara 96 wa marisawa inayoyarusha. Gramu 28 kwa 96 ni karibu kilo 2.7, na huo ndio uzito ninaoupenda kwa kwale. Bunduki nyepesi zaidi ikirusha marisawa hayohayo itakupiga teke. Nzito zaidi itakuchosha kabla ya teke kuwa na maana. Geji 12 ya Birmingham ikilishwa gramu 28 za risasi laini haina upungufu wowote. Geji 20 ni tamu, ikikaribia gramu 25. Geji 28 na gramu zake 21 ni ya mtu aliyekwishajua kulenga.

Ukishakuwa na geji 12 na geji 20 nyumba moja, tenganisha risasi zake kama unavyotenganisha dawa na sumu. Risasi ya geji 20 huteleza ndani ya mtutu wa geji 12, ikapita chemba na kukwama mbele. Ukitazama haraka chemba ni tupu. Unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana maganda ya geji 20 kwa kawaida hupakwa rangi ya njano. Usichanganye mfukoni hata moja.

Vifyatulio viwili usivikimbie. Cha mbele hupiga mtutu ulio wazi kwa ndege aliyeruka karibu, cha nyuma hupiga uliobana kwa anayekimbilia mbali, na kidole huchagua bila kubonyeza kitufe chochote.

Kabla hujatoka nayo

Vibali vikishakamilika na fundi akishairuhusu, ipeleke kwenye karatasi. Tundika karatasi pana, rudi nyuma mita 36 na nusu, piga mtutu mmoja mmoja kwa risasi utakazowindia, kisha chora duara la sentimita 76 pale marisawa yalipokusanyika zaidi na uhesabu. Asilimia 40 ya marisawa yote ndani ya duara ni mtutu usio na choki. 50 ni choki nyepesi, 60 ya kati, 70 iliyobana kabisa. Yaliyogongwa kwenye bunduki miaka themanini iliyopita na yanayoonekana kwenye karatasi mara nyingi hayaafikiani, kwa sababu risasi zimebadilika na kwa sababu kuna aliyepita na kichongeo katikati. Kwa kwale natafuta 45 hadi 50 kulia na 60 kushoto. Mtutu wa kulia ukitoa 70, fundi atafungua choki kidogo kidogo, na wewe utarudi kwenye karatasi baada ya kila mchongo, kwa maana akizidisha hana namna ya kukirudisha chuma alichokiondoa.